Siku Nilipomshikia Yeyo Kalamu

Nakumbuka asubuhi moja ya kura, mwaka ambao bado nilihesabiwa mgeni katika boma la kina baba yako. Wakati huo mji wa Kitengela ulikuwa haujatufikia. Pale unapoona ghorofa za kukodisha na maduka ya simu, ng'ombe walikuwa wakilala, na kituo chetu cha kupigia kura kilikuwa darasa moja la shule ya msingi katikati ya nyasi. Nilikuwa sijakuzaa, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa kutoka Illasit, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Mkoa wa Kati ili walime vitunguu, na Kimaasai changu kilikuwa cha sokoni. Nilijua kuuliza bei na kuikataa, basi.

Nyanya yako, mama wa baba yako, nilimwita Yeyo kama walivyomwita watoto wake, yaani mama. Hukumkuta, na hilo linaniuma mpaka leo. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, na akicheka alifunika mdomo kwa shuka kama msichana. Alinifundisha kukamua bila kunicheka hata mara moja, ingawa ng'ombe wenyewe walinicheka. Nilimpenda kabla sijampenda vizuri baba yako. Usimwambie.

Basi, kabla ya uchaguzi ule wazee wa ukoo walikaa chini, wakachinja mbuzi, wakazungumza mpaka nyama ikaisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa. Neno likishakubaliwa na wazee, lilikuwa neno la kila boma, na wanawake waliletewa likiwa tayari limeiva. Habari ya rais haikuwasumbua sana, kwa sababu rais alikuwa mbali na hakuna aliyemtarajia aje kunywa maziwa kwetu. Lakini mbunge alikuwa na jina la nyumbani. Mgombea mmoja alikuwa kijana wa ukoo wetu, na alikuwa ameahidi kutuchimbia kisima. Yule mwingine alitoka upande wa pili wa wilaya. Wazee walisema kura zote za kituo chetu ziende kwa mtu wetu, na hakuna aliyepinga.

Siku yenyewe tulipanga foleni jua likiwa bado dogo. Ndani ya darasa, Lemayian, ndugu mdogo wa baba yako, alikuwa amekaa kwenye benchi kama wakala wa mtu wetu, kifua mbele, utadhani darasa ni lake. Yeyo alikuwa hajui kusoma, na sheria inamruhusu mtu kama huyo kuchagua wa kumsaidia. Msimamizi akamuuliza anamtaka nani. Baba yako alikuwa ameshapiga hatua mbele, kofia mkononi, maana nani mwingine angekuwa? Yeyo akainua kidole akanionyesha mimi.

Baba yako akarudi nyuma kwenye foleni akiangalia viatu vyake, na mimi nikatamani sakafu inifiche. Msimamizi akaniapisha. Nikainua mkono wa kulia mbele ya wote, nikasema kwamba nitaweka alama pale atakaponiambia, na kwamba siri yake sitaitoa.

Tukaingia kwenye kile kibanda cha boksi, vichwa vyetu vikigusana. Zilikuwa karatasi tatu siku hizo, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Nikamsomea majina polepole, nikamweleza picha, na yeye akaninong'oneza sikioni. Niliweka alama nilipoambiwa, nikamwonyesha. Akazitazama alama zile kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu yake taratibu, kama anavyoguswa mtoto aliyelala. Kisha akakunja karatasi mwenyewe, akazitumbukiza mwenyewe. Nilitaka kulia na sikujua kwa nini. Sasa najua. Katika maisha yake yote, mambo makubwa aliamuliwa na wengine, mume, ng'ombe, mahali pa kuhamia. Hili lilikuwa lake.

Njiani nikamuuliza kwa nini amenichagua mimi na mwanawe yupo. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe haujui Kimaasai ya kusengenya." Halafu akafunika mdomo na shuka, akacheka mpaka akasimama.

Kicheko hicho hakikudumu. Kesho yake Lemayian alirudi na matokeo. Mtu wetu alikuwa ameanguka, tena vibaya. Na katika kituo chetu, ambako kura zote zilikuwa zimeahidiwa, yule mwingine alikuwa amepata moja. Moja tu, mwanangu. Ingekuwa ishirini, pengine wangesema watu wamebadilika. Lakini ile moja ilikuwa na mwenyewe, na kila mtu alitaka kumjua. Maboma mengine yakaanza kututania mahali pa kuteka maji, na waliotaniwa wakaja nyumbani na hasira.

Hasira hiyo ilinipata mimi. Ni nani aliyeingia kibandani na mtu asiyejua kusoma? Lemayian alisema mbele yangu, bila kuzungukazunguka, "Huyu ni mtu wa kuja. Yeyo alimwambia jina moja, yeye akaweka alama kwa lingine. Nani angejua?"

Unaelewa walichokuwa wakinishtaki? Kwamba nimemwibia mama mzee kura yake, mbele ya macho yake, kwa sababu hawezi kusoma. Nilisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia tena. Baba yako aliniuliza kwa upole mwanzoni, nimwambie tu Yeyo alimtaja nani, na mambo yaishe. Nikamwambia nimeapa. Akaniuliza tena, upole umepungua. Baadaye akaacha kunywa chai yangu. Alikuwa akipita mlangoni pangu asubuhi akielekea kunywa kwa Lemayian, na mimi nilikuwa nabaki na sufuria nzima. Halafu nikasikia maneno kwamba huenda ingefaa nirudi Illasit nikapumzike kidogo kwa wazazi. Kupumzika huko nilikujua. Kuna wanawake waliopelekwa kupumzika na hawakurudishwa.

Ningefungua mdomo tu. Nilijua alichoniambia Yeyo, nilijua nilipoweka alama, na nilijua yangu niliipeleka wapi. Kama ile kura moja ilikuwa yake, au yangu, au ya jirani aliyetuchokoza akakaa kimya, hata wewe niliyekunyonyesha sitakwambia.

Lakini siku ile nilikuwa kijana na moyo wangu ulikuwa umechoka. Nilimfuata Yeyo zizini wakati wa kukamua, nikalia mbele yake bila aibu, nikamwomba aniruhusu niseme. Hakuacha kukamua. Akaniambia, "Siku ile mkono yako ilikuwa yangu. Sasa unataka kuuza mkono yangu ndio wakupende?" Nilijaribu kujibu, akanikatiza. "Panguza macho, mtoto wangu. Wewe nyamaza. Mimi ndio nitaongea."

Niliumia, nakuambia kweli. Nilikuja kutafuta huruma nikapewa karipio na kibuyu cha maziwa nibebe. Lakini nilikibeba, na nilinyamaza.

Hatimaye wazee na watoto wake wa kiume walikaa kunizungumzia. Mimi niliwekwa pembeni pamoja na wanawake. Yeyo hakuwa ameitwa. Akaja hivyo hivyo na fimbo yake, akapita katikati ya wanaume, akasimama. Alisema kwa Kimaasai, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie.

"Kura yangu ilienda mahali nilituma. Huyu alikuwa mkono tu."

Lemayian, ambaye hajawahi kujua wakati wa kuacha, akamuuliza ilitumwa wapi basi. Yeyo akaegemea fimbo yake. Hakukasirika. Akamwambia, "Mimi nilikuzaa. Na wewe ulipiga kura, na mimi sijakuuliza. Mbona wewe unaniuliza?"

Mzee mmoja alikohoa, mwingine akaanza kutazama ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote. Yeyo akaja mpaka niliposimama, akashika viganja vyangu viwili, akavitemea mate kidogo, kama wazazi wa huku wanavyobariki watoto wao wa kuzaa. Akaniombea kwa Enkai, Mungu wao, maisha marefu na watoto, na kila alipotua wale wanaume walewale walilazimika kuitikia kama amina, "Naai." Lemayian naye aliitikia. Nilimsikia.

Baba yako alikuja jikoni jioni hiyo akasimama mlangoni kama mgeni. Aliniomba msamaha kwa Kiswahili, nadhani kwa lugha yake neno hilo lingekuwa zito mno kulitoa. Nikampa chai. Alikunywa vikombe vingi kuliko kiu yake, na mimi nilimwacha anywe, kwa sababu nilikuwa bado na hasira na pia nilikuwa na furaha. Lemayian alichukua muda zaidi. Lakini tangu hapo amewapigania wabunge na kugombana nao wote, kisima bado tunakisubiri, na chai bado anakunywa kwangu. Wabunge hao hawajawahi kuja hapa kumuuguza hata akikohoa.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu mwaka huu utapiga kura kwa mara ya kwanza, na kwa sababu jana baba yako aliniambia jambo. Macho yake, unajua, hayaoni maandishi tena. Sasa karatasi ni sita, na majina yamejaa. Nilikuwa nimeshajiandaa kumsaidia. Akaniambia amekuchagua wewe. Nimekaa nyumba moja na mtu huyu miaka yote hii, nimemfulia, nimemsubiri, na amekuchagua wewe. Nilinuna mpaka jioni. Halafu nikamkumbuka kijana mmoja aliyerudi nyuma kwenye foleni na kofia yake mkononi, na nikamhurumia kuliko nilivyomhurumia siku ile.

Kwa hivyo nisikilize. Utakapoingia naye, msomee majina yote, hata ya wale unaowachukia, na usibadilishe sauti ukifika kwa unayempenda. Akitaja jina litakalokuchoma, weka alama palepale. Mwonyeshe, mwache akunje mwenyewe. Ya kwako ipige unavyotaka, si kwa sababu ya ukoo wa baba wala watu wangu wa vitunguu, wala kwa sababu ya aliyekununulia soda pale stendi. Na matokeo yakitoka, ashinde nani, msalimie jirani kama ulivyomsalimia jana yake, kwa sababu ukiugua ndiye atakayekupeleka hospitali Kajiado.

Mungu akupe macho yanayosoma sawasawa, na mkono usiotetemeka. Akupe watu wa kukuamini, na akupe mdomo unaofungika, ili uwastahili. Uzeeke katika nchi yenye amani, nawe siku moja umpate mtu wa kumshikisha kalamu bila hofu. Nitakuwa nimekaa nje ya darasa, kwenye kivuli cha ukuta, nikiwasubiri. Mtakapotoka nitakuvuta kando nikuulize baba yako amempigia nani, maana najijua, sitaweza kujizuia. Usiniambie.