Kipoozeo cha Mashine ya Mke Wangu

Kwetu mwanamke akifiwa na mume anakaa eda. Miezi minne na siku kumi anajua asivae nini na asiende wapi, na watu wanajua wasimsumbue kwa lipi. Mwanaume hana kitu kama hicho. Siku ya tatu wazee walikunja mikeka, wakanishika mkono mmoja mmoja, na siku ya nne nilikuwa kwenye karakana yangu hapa Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, nikikata sponji ya kochi la watu watatu. Nilikata sawasawa. Sikuhisi chochote, nikadhani labda ndivyo inavyokuwa.

Mke wangu alikuwa akitengeneza video za harusi. Mimi fundi wa makochi, yeye fundi wa harusi, ukuta mmoja katikati yetu, na mlango ambao miaka yote alikuwa akinifokea niufunge kwa sababu vumbi la sponji lilikuwa likiingia kwenye kompyuta yake. «Mlango!» Hivyo tu, hata salamu hakuna. Alifariki hospitalini baada ya siku nne za ugonjwa ambao daktari alinieleza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kifaransa, na sikuushika kwa lugha yoyote.

Aliacha harusi moja ya watu wa Mibirizi. Alikuwa ameshaikata na kuipanga yote, ilibaki kubonyeza kitufe ili mashine iipike iwe video moja. Kitufe hicho nilikijua, maana mara nyingi aliniachia nikibonyeze akiwa sokoni. Mama wa bibi harusi alinipigia simu. «Papa, pole sana. Hatukusukumi, tunauliza tu.» Aliuliza tu mara tatu wiki hiyo.

Basi nikabonyeza. Haikupita robo saa, feni ikanguruma na skrini ikawa nyeusi. Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimeacha mashine imevaa. Niliwahi kuishonea nguo ya mahameli, rangi ya damu ya mzee, yenye kamba pembeni na vifungo nyuma, kama kochi la bwana mkubwa. Yeye aliivalisha ikiwa imezimwa tu. Ni mimi peke yangu, fundi wa makochi, ninayeweza kuivisha kompyuta mahameli na kuitaka ifanye kazi. Nikaivua, nikajaribu tena, ikazima tena.

Nilimwita fundi wa kompyuta, mtu mnene wa Bukavu mwenye mvi kwenye ndevu, anayetengeneza hapa karibu na soko. Alipofungua ubavu wa mashine tulikuta feni ndogo imejaa manyoya ya njano. Niliyatambua. Ilikuwa sponji yangu ya mwaka jana. Aliyapuliza yote nje, akawasha, moto ukapanda vilevile, akaingia kwenye mipangilio ya ndani, akapiga mluzi.

«Nani alipandisha hii prosesa?»

«Mke wangu.»

Nieleze, kwa sababu hata mimi nilielezwa. Prosesa ndiyo inayofikiri ndani ya mashine, na kiwandani huwekewa mwendo wake. Mwenye moyo anaweza kuingia ndani na kuiamuru ikimbie zaidi. Inatii, lakini inapata moto. Mke wangu alifanya hivyo peke yake kwa wiki nzima, anapandisha kidogo, mashine inaanguka, anaiinua, anapandisha tena. «Nne nukta sita,» aliniambia siku ilipokubali, kama mtu anayekutajia kilo za mtoto wake aliyetoka kliniki. Nyuma ya namba hiyo kulikuwa na nyingine zaidi ya kumi, za umeme na za sijui nini, alizosawazisha moja moja. Hakuziandika mahali popote.

«Papa, hii iko mwepesi,» alisema fundi. «Ninairudisha kwa mwendo yake ya mwanzo, moto inaisha leo leo. Haulipe kitu.»

«Hapana.»

«Juu ya nini?»

Nguo za mke wangu dada zake walikuwa wameshazigawa. Godoro lilikuwa limegeuzwa, sufuria zimepangwa upya na mama yake kwa utaratibu ambao mpaka leo siuelewi. Zile namba zilikuwa kitu cha mwisho nyumbani alichokiweka yeye na mkono mwingine haujakigusa.

«Iache vile alivyoiacha,» nikasema.

Alinitazama, akatikisa kichwa taratibu. «Basi utafute kipoozeo ingine, Papa. Kubwa. Hii kidogo ya kiwandani haitaweza.»

Kumbe mke wangu alikuwa ameshaanza kutafuta. Kwenye simu yake nilikuta picha mbili. Moja ni kipoozeo cha maji, mipira miwili myeusi inayopeleka maji kwenye rejeta kama ya gari, na taa za rangi. Nyingine ni mnara wa chuma, mabamba membamba yaliyopangwa kama kurasa, na feni mbili ubavuni. Hakuandika anataka ipi. Nilizitazama picha hizo siku nyingi kuliko inavyostahili. Kuna siku nilikula wali nikizitazama, nikagundua sahani imeisha na sijui nilikula na nini.

Mwishowe nilichukua futi yangu, nikapima ndani ya mashine, kutoka prosesa mpaka ubavuni. Sentimita kumi na sita na nusu. Nikavuka mpaka kwenda Bukavu, kwenye duka ambalo fundi alinielekeza, na vyote viwili vilikuwepo.

«Mzee, hii ya maji njo ya sasa,» alisema muuzaji. «Ile ingine ni ya bazee.»

Nilimwambia aviweke vyote viwili mezani. Mke wangu sokoni alikuwa hachagui kwa macho. Nanasi, samaki, hata kitabu cha shule cha mtoto wa jirani, alikiinua kwanza kwa mkono wa kushoto, akainua kingine, kisha akachukua kizito. Nilikuwa nikimcheka. Nikainua cha maji. Nikainua mnara. Mnara ulivuta mkono chini. Nikatoa futi mbele ya muuzaji, nikapima urefu wake: sentimita kumi na sita kamili. Nilirudi nao mapajani.

Fundi alikuja siku ya pili mchana. Ilimbidi atoe bodi yote nje ili afunge chuma cha kuushika mnara kutoka nyuma. Alipaka prosesa dawa ya kijivu, kidogo kama ya mswaki. Adhana ya alasiri ikatoka, nikamwacha, nikaenda kuswali. Niliporudi mashine ilikuwa inawaka, na sikuisikia kabisa.

«Digrii hamsini na mbili tu, Papa! Na iko inapika harusi!»

Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu lilikuwa la kwanza tangu azikwe. Nikainama kutazama, nikaona kwenye kona ya skrini tarehe: Januari mosi, miaka kadhaa nyuma.

«Tarehe imefanya nini?»

«Ni betri, Papa. Nilitoa ile betri kidogo, njo vile tunafanyaka tukitoa bodi. Saa inarudiaka nyuma. Ninaipanga sasa hivi.»

«Na namba za mke wangu?»

Fundi akakaa kwenye kochi ambalo bado halikuwa na kitambaa. Betri ikitoka, mashine inasahau yote iliyoambiwa. Ilikuwa imetulia kwa sababu ilikuwa imerudi kwenye mwendo wa kiwandani, na mnara wangu wote ule ulikuwa unapoza kitu kisicho na moto.

«Papa, unisamehe,» alisema. «Ni mkono ilizoea. Nitaipandisha tena. Nne nukta sita, itafika.»

«Najua itafika.»

Lakini zingekuwa namba za fundi, si za mke wangu. Nikaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua vizuri, kwa sauti, kama ambavyo sikulia makaburini.

Aliponyoosha mkono arekebishe tarehe, nilimshika kifundo. Nilikuwa nimehesabu. Januari hiyo mke wangu alikuwa hai, alikuwa chumba hiki hiki, kwenye kiti kile. Nilimwambia aiache hivyo kidogo. Kisha nikainuka, nikaenda kufunga mlango wa karakana, vumbi lisiingie.