Usingizi Siku ya Suluhu

Mimi ni fundi wa mashua, hapa kisiwani Chole. Shule niliishia darasa la pili na sijawahi kumlilia mtu kwa hilo. Nyumba yangu ya mawe niliijenga kwa mikono hii, kabla watu wa hifadhi ya bahari hawajakataza kuchimba matumbawe. Waliponikataza na juya, zile nyavu za kukokota, nikashika tezo, nikachonga mashua ambazo wao wenyewe walikuja kuulizia bei. Nayasema haya ili ujue kwamba mvivu sikuwa. Usingizi uliponianza mchana, watu hawakunielewa, na mimi mwenyewe sikujielewa.

Nalala usiku kucha, asubuhi naamka kichwa kizito na mdomo mkavu, kama niliyepakua magunia bandarini. Jua halijapanda sawasawa, nimekaa ndani ya mashua kati ya mataruma, zile mbavu zake, tezo mkononi, kidevu kifuani. Mafundi wenzangu wakapata la kuchekea.

"Jamani, gongeni polepole, mtoto kalala!"

"Mtoto gani? Huyo bwana harusi. Kamuulizeni bibi yake anamfanya nini."

Niliwarushia kipande cha mbao, nao wakazidi kucheka. Mwezi wa Ramadhani tu ndio nilipumzika na maneno yao, maana mwezi ule kila mtu anasinzia.

Mke wangu, niliyemwoa tukiwa wabichi, ndiye aliyeona kitu. Akaniambia asubuhi moja akinimiminia chai, "Baba watoto, wewe usiku unakata pumzi."

"Nakoroma."

"Kukoroma kwako nakujua miaka yote. Nasema unanyamaza. Kimya. Nasubiri mpaka moyo unanienda mbio, nakusukuma, ndipo unakurupuka kama mtu aliyezama akaibuka."

Nikamwambia mtu anayekoroma ndiye aliyelala hasa. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akikoroma, bibi yake anasema kashiba. Hata leo sioni hapo ningejuaje kwamba ni maradhi.

Lakini yeye alikonda. Macho yakawa mekundu, akawa anasinzia jikoni chungu kikiungua. Siku moja akabeba godoro lake akalipeleka chumba alichoacha binti yetu alipoolewa. Alisema neno moja tu, "Niache nilale." Nikamwacha. Hatukugombana, wallahi.

Sasa, godoro linaanikwa juani. Majirani walizoea kuona moja uani kwetu, wakaona mawili. Habari ikavuka maji, ikafika kisiwa cha Juani kwa kaka yake kabla ya Ijumaa. Na kwetu mke wa umri ule akihama kitanda, si jambo la nyumba tena. Wazee wa upande wake wakataka suluhu. Mimi nikasema ugomvi haupo, mtasuluhisha nini? Wakasema anayekataa kukaa mkekani kusuluhishwa ndiye mwenye kosa. Nikakubali.

Tulikaa barazani kwangu baada ya sala ya alasiri, wazee wa kwake na wa kwangu, yeye kakaa mlangoni na leso yake. Desturi ni kwamba mke anasema kwanza, na mume hamkatizi hata akitukanwa. Na linalosemwa mkekani halirudiwi nje. Nilikuwa nimefanya kazi tangu alfajiri. Nikainamisha kichwa kwa adabu ili nimsikilize vizuri. Nilimsikia akisema, "Mimi na huyu bwana tumetoka mbali..." Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Nilichosikia baada ya hapo ni mkoromo. Nikashtuka, ulikuwa wangu.

Mke wangu kajifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika. Shemeji yangu alikwisha kusimama anakung'uta kanzu yake.

"Umemaliza kulala, bwana?"

"Shemeji, nisamehe, mimi hivi ndivyo nilivyo siku hizi."

"Dada yangu analia wewe unakoroma. Hapa hakuna cha kusuluhisha. Dada, chukua nguo zako, twende."

Nikawageukia wazee wangu. Hata mmoja hakunitazama. Mke wangu akaenda na kaka yake siku ile ile. Talaka sikutoa, naye hakuomba.

Baadaye nikaanguka kwa usingizi nikajikata mguu kwa tezo, wenzangu wakanivusha hadi Utende, kisiwa kikubwa, mpaka hospitali ya Kilindoni. Daktari alikuwa binti mdogo wa bara. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Alishona jeraha, kisha akaniuliza ilikuwaje nikajikata. Nikamwambia. Akanitazama shingo na koo, akauliza, "Usiku nani analala karibu nawe?"

Nikasema hakuna mtu.

"Aliyekuwepo alisema unafanya nini?"

Nikamwambia. Akasema anashuku njia ya hewa inajiziba nikilala, mwili unaamshwa kila mara usiku kucha, bila mwenyewe kujua, na mchana mwili unadai usingizi wake. Kipimo hakuna kisiwani, mpaka Dar. "Si uvivu, mzee, wala si dharau." Nikamwomba arudie. Nikayakariri maneno yale kama aya, maana nilikuwa na wa kumpelekea.

Mguu ulipopona nikavuka Juani. Nilimkuta ukumbini kwa kaka yake, anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa amenawiri, macho meupe kabisa. Nikamweleza yote. Akalia.

"Kwa hiyo nilivyokuwa nakusukuma..."

"Ulikuwa unaniokoa. Rudi, mke wangu."

"Nirudi nikufanye nini? Nikae nasikiliza kama unapumua? Nimefanya hivyo miaka, nimechoka. Hapa nalala, mume wangu. Nalala mpaka kunakucha."

Kisha nikamuuliza siku ile mkekani alisema nini, maana wazee wote wamekataa kuniambia.

"Nilisema mara moja," akajibu. "Na wewe ulikuwepo."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kushika.

"Nenda Dar ukapimwe," akasema.

Nikamuuliza nikipona nitalala na nani. Akalowesha ukindu, akaendelea kusuka, nami nikashuka pwani.