Swali la Saba

Kiwandani walimwita Mama Pima, na jina hilo alilipata kwa jasho. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumwona akigusa waya kabla ya kuupima, na akishaupima, alikipima tena kile alichopimia. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha magodoro, mwanamke wa miaka hamsini na moja, mfupi, mwenye sauti inayofika ghorofa ya pili bila simu. Akisema mashine itawaka saa nne, saa nne kasoro dakika tano watu walikuwa wameshaweka vikombe vya chai chini.

Likaja agizo la uongozi: kuanzia mwezi ujao, hakuna kufungua sanduku la umeme bila cheti cha kozi ya mtandaoni. Asiye nacho atahamia kufungasha magodoro. Wengi walidhani Mama Pima atanuna. Wapi. Jioni ile ile aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akavaa miwani, akafungua daftari jipya.

Masomo yalikuwa ishirini na mawili, na tusimwonee mtu, yalikuwa mazuri. Mwalimu wa kwenye video, bwana mmoja aliyepandisha miwani kwenye paji la uso na kuisahau huko, alieleza jinsi mota za kisasa zinavyoongozwa na kompyuta ndogo, jambo ambalo Mama Pima alikuwa akilikisia tu kwa miaka mitano. Mahali pamoja alimrudisha nyuma mara saba, na yule bwana akarudia mara saba bila kukunja uso. Kwa somo la kumi na moja peke yake aliifufua mashine ya kukatia sponji ambayo kila mtu alikuwa ameshasema ni uzee. Alimpenda mwalimu yule waziwazi.

Kisha ukaja mtihani. Sehemu ya usalama ilikuwa na maswali kumi, ukikosa moja umefeli, na majaribio ni matatu. Mara ya kwanza alipata tisa, akasema kidole kimeteleza. Mara ya pili akapata tisa, na safari hii simu ikamwonyesha alipokosea. Swali la saba: umezima swichi kuu, umeifunga kwa kufuli, testa inaonyesha hakuna umeme. Utafanya nini baada ya hapo? Yeye alikuwa amechagua D, kuijaribu testa mahali penye umeme. Jibu la kozi lilikuwa C: anza kazi.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu testa ikinyamaza, ama umeme haupo, ama testa yenyewe imekufa. Ndiyo maana unaipeleka kwenye soketi unayojua ina umeme, ikiwaka huko ndipo unaiamini. Ni kazi ya nusu dakika.

Jumapili akaja mkwewe, mume wa binti yake wa pili. Naye alikuwa fundi umeme kiwandani hapo, mwaka wake wa nne, na alikuwa amepata kumi kwa kumi mara ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu ukae."

Akakaa, akazunguka zunguka na habari za watoto, mwishowe akasema, "Mama, hilo swali la saba bonyeza C tu. Wenzio wote tumebonyeza C."

"Na kazini unafanya C?"

Mkwe akakuna kidevu. "Kukiwa na haraka, mama. Testa zetu si ni nzima?"

"Kila testa ni nzima mpaka siku inapokufa."

"Sawa, lakini huu ni mtihani tu. Ukishapata cheti, kazini unafanya unavyojua. Nani atakuuliza?"

Lilikuwa neno la akili, na Mama Pima hakulidharau.

"Nilikuwa na mwenzangu," akasema. "Alipima, testa ikanyamaza. Mimi nimeshika tochi, nikamwambia ingia, hakuna moto. Kumbe betri ya testa imekwisha. Hakufa. Lakini hadi leo mkewe ndiye anayemfungia vifungo vya shati. Unaniuliza nani ataniuliza? Wewe. Siku moja utafungua sanduku na haraka zako, utasema hata mama alibonyeza C."

"Watakupeleka kufungasha, mama."

"Magodoro nayajua. Nayalalia."

Jaribio la mwisho alilifanya Jumatatu, ofisini kwa mkuu wa karakana, ambaye alikuwa akimhitaji kufa na kupona na alitaka kuona kwa macho yake. Walipofika swali la saba, mkuu alikohoa, akaelekeza kalamu kwenye C.

"Bonyeza hiyo, mama, maisha yaendelee."

Mama Pima akabonyeza D, wala hakupepesa macho. Tisa. Kujaribu tena, hadi baada ya miezi sita.

"Umenikata mikono," mkuu akasema.

"Mikono yako hiyo hapo. Nataka na ya wengine ibaki."

Kabla ya kutoka alimwandikia mwalimu mistari mitano chini ya somo. Jibu lilirudi papo hapo: asante kwa maoni yako, uwe na siku njema. Akasema bwana yule angeshusha miwani akasoma, wangeelewana.

Jumanne, mwezi mpya ukiwa umeanza, alikuwa kwenye kufungasha. Tusidanganyane, iliuma. Mkanda wa zana ulibaki kabatini, na mara kwa mara mkono wake ulikwenda kiunoni wenyewe ukakuta gauni tupu.

Alhamisi saa tano mashine ya kufungia mifuko ikazimika mbele yake. Lori lilikuwa nje linasubiri mzigo. Akaja mkwewe na begi la zana, na nyuma yake mkuu wa karakana akitazama saa. Mkwe alizima swichi, akafunga kufuli, akafungua sanduku, akapima. Testa ikanyamaza.

"Haya, ingia," mkuu akasema. "Dereva anapiga kelele."

Mama Pima, mwenye sauti ile, alibana midomo. Aliona hili sasa ni la mkwe kuamua, si lake tena kusema.

Mkono wa mkwe ulikuwa umeshafika mlangoni mwa sanduku. Ukasimama hapo. Kisha kijana wa watu akainuka, akampita mkuu, akavuka chumba hadi kwenye soketi ya ukutani, pembeni ya ile iliyokuwa ikizungusha feni, akaichomeka testa. Ikawaka.

"Unaona? Ni nzima," mkuu akasema.

"Ndiyo, mzee. Sasa na mimi najua."

Akarudi, akapiga magoti, akaingiza mkono. Mama Pima alijifuta macho kwa kiganja, akavuta godoro lililofuata.