Nafasi ya Wembe

Nimerudi Mwamkulu wiki iliyopita, ndugu yangu, nikakuta bustani ya nyanya ya baba ni magugu matupu. Jirani kaniazima pampu yake ya petroli nimwagilie miche niliyokuja nayo. Ilipowaka tu, nikasikia vali zinagonga, ta-ta-ta-ta. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi.

Utotoni tulikuwa wawili tu, baba na mimi, mama alishafariki. Asubuhi mimi nakoroga uji, yeye anafungua kifuniko cha injini ya pampu yetu kabla haijapata moto, anapenyeza wembe chini ya tapeti, ile skrubu inayosukuma vali. Wembe ukipita kwa kukwaruza kidogo, basi, nafasi imekaa sawa, ingawa vali zitagonga kidogo, ta-ta-ta.

"Vali ni milango miwili, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Huu unaingiza hewa na petroli, huu unatoa moshi. Vuta, bana, choma, toa. Wakati wa kubana na kuchoma, yote ifungwe kabisa." Mikono yake ilinuka petroli na majani ya nyanya, nami niliipenda ile harufu kuliko sabuni yoyote.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Kisukuma, mtani wetu. Kila akipitisha ng'ombe wake anacheka: "Nyie, mashine yenu inatafuna karanga!" Mwenzio nikaona aibu. Baba alipokwenda msibani Litapunga, nikachukua spana, nikakaza tapeti mpaka wembe haupiti. Ikawaka kimya. Nikajiona fundi! Kumbe vali ikipata moto inarefuka, na ile ya moshi, kwa kukosa nafasi, ikawa haifungi tena. Siku ya tatu ukingo wake ulishaungua. Unavuta kamba ya kuwashia, inakuja laini, injini haibani kitu.

Baba aliporudi akaifungua, akaingiza wembe, ukagoma.

"Nimekosea mimi kuseti," akasema. "Macho yameanza kunidanganya."

Nami nikanyamaza. Loo, nilivyonyamaza!

Vali ya kuifaa injini ile haikupatikana Mpanda nzima. Nyanya zikakauka. Watu wakaja kumwita awatengenezee pampu zao, akawa anajibu, "Tafuteni mwenye macho." Hakushika injini tena. Akaniacha kwa shangazi, akaenda Karema, kule ziwani, kupakua mizigo ya boti. Alikuwa akinitumia samaki wakavu, migebuka, na kila Krismasi anakuja. Namwandalia chakula, namtazama akila peke yake kibarazani, na kila mara nasema moyoni, kesho nitamwambia.

Mwaka jana tumemzika kulekule Karema. Sasa nakaa nyumba nzima peke yangu, na maneno ambayo sikumwambia hata hayafiki kumi. Macho yako yalikuwa mazima, baba. Ni mimi niliyekaza.