Wekundu wa Mawese

Muuguzi wa zahanati ya Kibabi alikuwa na vidole vyekundu kwa mawese. Kila mwezi alishuka kwa miguu hadi Walikale kuyachukua, akawapa watoto ambao macho yao hayaoni giza linapoingia. Siku moja Mama Drocella alimwambia kuwa binti yake, Annonciata, angali akipapasa njia.

“Mafuta alikunywa?” muuguzi aliuliza.

“Alikunywa, Papa. Nilichemusha mpaka yakakuwa meupe, yasinuke.”

Muuguzi hakufoka. “Mama, ile rangi nyekundu njo dawa. Iko kama munyororo murefu. Mwili unaukata katikati, kila nusu inasaidia macho. Moto mukali unauvunja ovyo.”

Chupa zake zote zilikuwa tupu. Alifunga viatu, akashuka tena, mvua ikinyesha. Aliporudi, Annonciata aliyanywa mafuta yakiwa mekundu, bila kuchemshwa.

Mwezi uliofuata, giza likianza kuingia, Annonciata alimwona akipita bondeni, akawa wa kwanza kumpungia mkono.