Madirisha ya Shekinah Chini ya Maji

Kambere Syauswa ana miaka hamsini na mbili, na karibu kila nyumba ya mtaa wa Vungi, mjini Butembo, ina kitu alichokichomelea yeye: lango, mlango wa bati nene, au zile nondo za dirishani za kuzuia wezi ambazo hapa zinaitwa antivol. Ukimuuliza kazi yake bora ni ipi, hakuonyeshi dirisha. Anasema iko ndani ya Ziwa Edward, mita saba chini, imesimama wima.

Ni boti ya chuma, jina lake Shekinah. Aliijenga miaka tisa iliyopita kwa mfanyabiashara wa samaki. Vipande vyake vilishuka kwa lori barabara ya Kyondo, naye akaviunga ufukweni akitumia jenereta. Ilitembea miaka minne. Alfajiri moja ya upepo mkali, ikiwa imefungwa kwa kamba bila mtu ndani, ilijaa maji ikazama. Mwenye boti hakuitafuta. Alinunua nyingine, ya mbao.

Aliyeitafuta ni Keren Vagheni, mwalimu wa kuzamia anayeishi Beni, komini ya Ruwenzori. Alijifunza kazi hiyo Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, na sasa ana wanafunzi wanane, wengi wao wauguzi na walimu wa shule, wanaozamia kwa kujifurahisha. Walikuwa tayari kwa chombo chao cha kwanza kilichozama, na Keren alihitaji mtu anayekijua chuma. Mwaka mzima alimfundisha Kambere kupumua kwa chupa ya hewa, kisha akampa kazi ya kuchagua. Vyombo vilivyofaa kwa kina vilikuwa viwili, umbali wa mita mia kati yao: Shekinah, na jahazi bapa la kubebea chumvi ambalo hakuna aliyekumbuka jina lake. Jumapili, baada ya ibada, Kambere angesema ni kipi.

Kila mtu alijua atasema nini. Mkewe Virginie, anayemwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alijua zaidi.

“Papa Ariel, wewe na ile boti! Kama ingekuwa mwanamuke, mimi ningekuwa nimesharudi kwetu Masereka.”

“Hapana mwanamuke. Ni chuma.”

“Chuma gani mutu anaita jina yake mu usingizi?”

Ni kweli aliiota. Katika ndoto maji yalikuwa ya kijani, mepesi kama hewa ya asubuhi, na watu waliingia Shekinah taratibu, kama wageni wanaokaribishwa sebuleni. Mmoja alipitisha kidole juu ya mshono wa chuma na kuuliza nani aliufanya. Ndoto iliishia hapo kila mara. Watu wa Butembo hawaitazami antivol, wanalala nyuma yake. Kwa miaka thelathini Kambere alikuwa ametengeneza vitu ambavyo hakuna anayevitazama, na sasa palikuwa na watu wanane waliotaka kushuka mita saba ili kutazama tu.

Jumamosi walikwenda kukagua. Mvuvi Delphin alibaki juu ndani ya mtumbwi, akiangalia viboko. Keren alikuwa ameandika maswali yake kwenye daftari la shule: kina kisizidi mita kumi, kusiwe na nyavu zilizonasa wala bati lenye makali, na popote mtu alipo ndani ya chombo aweze kutoka na kupanda moja kwa moja.

Walianza na jahazi. Lilikuwa kama sinia lililosahauliwa uani, wazi pande zote, limevaa tope. Kambere alilizunguka mara moja na kuondoka.

Shekinah ilijitokeza polepole, kwanza pua, halafu chumba chake, halafu madirisha manne. Samaki wadogo walikuwa wamejipanga kivulini bila kusogea. Mwanga ulishuka kutoka juu kwa vipande vipande, ukatulia juu ya paa. Kambere aliuona mshono wake, mnyoofu kama alivyouacha. Hakuhisi uzito wa mwili wake. Aliingia mlangoni bila kujiuliza, kama mtu anavyoingia kwake.

Ndani, miguu yake iligusa tope. Liliinuka, na chumba chote kikawa rangi ya chai ya maziwa. Mlango ukapotea. Hakuogopa bado. Aliuona mwanga hafifu wa dirisha, akauelekea, akanyoosha mkono.

Mkono ulikuta nondo.

Alizitambua kabla ya kufikiri: unene wa milimita kumi na mbili, nafasi ya sentimita kumi, ili kichwa cha mwizi kisipite. Katikati palikuwa na lile ua la chuma lililokunjwa ambalo huliweka kwenye kila dirisha la Vungi. Alivuta. Hakuna kilichotikisika. Aliifanya kazi hiyo vizuri.

Keren alimshika kifundo cha mguu na kumrudisha nyuma hadi mlangoni.

Juu, ndani ya mtumbwi, Keren alivua miwani yake ya kuzamia. Kisha akauliza:

“Papa Kambere, mais nani aliweka antivol kwa boti?”

“Mimi.”

“Mwizi angetokea wapi? Mu maji?”

“Samaki ya huku inaiba sana,” Delphin alisema.

Kambere hakucheka. “Patron, mwenye boti, alisema dirisha bila antivol hapana dirisha. Na mimi niliona ni kweli. Kwetu nani anauliza?”

Keren alifungua daftari. “Bon. Kina iko muzuri, nyavu hakuna. Tunaweza kufunga kamba kwa mulango, batu basiingie. Ni wewe utasema, Papa.”

Kambere aliyatazama maji. Palepale chini Shekinah ilikuwapo, imesimama wima.

“Batu bataiona kamba na bataingia tu vile vile. Mimi niliijenga, na niliingia.”

Jumapili, mbele ya kanisa, aliandika kwenye daftari: jahazi. Mbele ya jina Shekinah aliandika hapana, akatia mstari. Kisha akamwomba Keren ruhusa ya kushuka na msumeno wa chuma.

“Donc sasa unafungulia samaki?” Virginie alimuuliza jioni ile, alipomwona akifunga msumeno kwenye mfuko.

“Nondo ishirini na nne,” alisema. “Polepole.”

Jumamosi iliyofuata, Jean-de-Dieu, muuguzi, mmoja wa wale wanane, alishuka na Kambere kumshikia kamba. Saba waliobaki walipiga magoti na Keren juu ya jahazi, lile sinia la tope, wakijifunza kukaa bila kulitibua. Mwanga ulikuwa uleule, wa kijani. Ndipo wakasikia sauti, mbali na karibu kwa wakati mmoja kama sauti zote za majini: chuma kikisugua chuma, kikinyamaza, kikianza tena. Waligeuka huku na huku. Hapakuonekana kitu.

Walipopanda, wa kwanza kutoa kichwa aliuliza: “Monitrice, kule chini kuko nini?”

“Ni Papa Kambere,” Keren alisema. “Anafungua madirisha.”