Bustani ya Mwalimu Rula

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Rula kwa sababu ya urefu wake, na kwa sababu hakuwahi kuchora mstari kwa mkono mtupu. Alifundisha hesabu darasa la tano. Macho yalipoanza kufifia, aliyejua ni mkewe tu, fundi cherehani, ambaye kila jioni alimsomea madaftari ya watoto kwa sauti, naye akimwambia hapa vema, hapa kosa.

"Baba watoto, mwambie mwalimu mkuu."

"Nimwambie nini? Kwamba ubao siuoni? Siku hiyohiyo nitafungashiwa virago."

Badala yake akaomba kipande cha ardhi nyuma ya vyoo vya shule, kilichojaa mawe na chupa zilizovunjika. Alisema watoto watajifunzia hesabu huko. Mwalimu mkuu alicheka, akampa.

Hila ile ikazaa kitu cha kweli. Watoto walipima matuta kwa kamba yenye mafundo, wakakokotoa eneo wakiwa wamesimama ndani yake. Msichana mmoja, binti wa seremala, hesabu za sehemu zilikuwa zimemshinda mwaka mzima. Zilimwingia asubuhi aliyogawa tuta la mchicha kwa wenzake watatu bila ugomvi. "Haya, Bibi Shamba!" mwalimu akasema, na jina likamganda. Tangu hapo alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kunawa mikono.

Watoto hawakuchelewa kugundua. Mwalimu aling'oa miche, akaacha magugu. Wao wakamfuata nyuma, wakairudisha miche udongoni kimyakimya. Hakuna aliyewatuma, na nyumbani hakuna aliyefungua mdomo. Mwalimu aliwasikia. Akajifanya hasikii.

Walipoanza kuchimba tuta jipya la nyanya, alishika jembe mwenyewe.

"Wote mko nyuma yangu?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Bibi Shamba hakuitika. Alikuwa mbele, ameinama, akiokoa mche ambao mwalimu alikuwa karibu kuukanyaga. Jembe lilishuka juu ya mguu wake.

Vidole viwili havikuokolewa. Ofisini mwalimu mkuu alimuuliza, "Kweli hukumwona mtoto?"

"Sioni," alijibu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiyekuwa mkewe.

Kazi ikaisha. Bustani ikazungushiwa mabati, mchicha ukakaukia humo ndani, na darasa la tano likarudi ubaoni kwa mwalimu mwingine.

Seremala alikuja nyumbani siku moja baada ya kazi, vumbi la mbao bado kwenye nywele. Mke wa mwalimu alisimama mlangoni akidhani ni ugomvi. Mgeni hakupandisha sauti. Alikataa kiti.

"Ungesema tu, mwalimu," alisema. "Wale watoto wangekushika mkono."

Kisha akaondoka.

Sasa mwalimu hukaa kando ya cherehani, akifumua pindo kwa vidole. Mara kwa mara humwomba mkewe ampeleke kwa mtoto akamtake radhi. Mkewe humvalisha shati safi, wakatoka wameshikana mikono. Wakikaribia nyumba ya seremala, wakisikia randa inavyokwangua ubao, husimama.

"Turudi, mama watoto," husema. "Leo kichwa kinaniuma."